Stori ya gemu iko kwenye kidole, sio kwenye video

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mpaka nimeamua niijibu kwa maandishi: "kama unapenda stori si uangalie muvi, gemu ni ya kucheza". Na siku hizi imezaa pacha wake, "kwani lazima uicheze, nenda YouTube kuna mtu kaimaliza yote, angalia hapo hapo basi". Wanaosema hivi sio watu wasiojua gemu, wengine ni wakali kuliko mimi kabisa kwenye mpira na kwenye kupigana, ila naona wanapima kitu kwa mizani isiyo yake. Wanadhani stori ya gemu ni zile video zinazoingia katikati ya misheni, kwamba ukizikusanya zote ukaziunga pamoja umeshapata stori nzima. Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini. Kwa hiyo humu nataja miisho ya gemu kadhaa, kama kuna ambayo hujaimaliza na unaijali ruka hapo.

Naanza na ndogo, Brothers: A Tale of Two Sons ya 2013, aliyeiongoza ni Josef Fares. Ndugu wawili wanatoka kwenda kutafuta dawa ya baba yao mgonjwa, basi. Hakuna neno utakaloelewa humo, wanaongea lugha ya kutungwa na hakuna tafsiri chini ya skrini. Unawacheza wote wawili kwa pedi moja kwa wakati mmoja: kijiti cha kushoto na batani ya nyuma ya kushoto ni za kaka, za kulia ni za mdogo. Mwanzoni mikono inagombana yenyewe kwa yenyewe, unataka huyu aende juu anaenda yule, ila baada ya muda inazoea, unafika mahali hufikirii tena, kushoto ni kaka na kulia ni mdogo kama vile ulizaliwa hivyo. Sasa yule mdogo anaogopa maji kwa sababu mama yao alizama mbele ya macho yake, kwa hiyo kila penye maji anang'ang'ania mgongo wa kaka yake ndo wanavuka.

Karibu na mwisho kaka anakufa. Na gemu haikuonyeshi mazishi, wewe ndo unamburuta mpaka kwenye shimo, wewe ndo unasukuma udongo, kwa batani ya mdogo peke yake. Alafu unaendelea na safari huku upande mzima wa kushoto wa pedi haufanyi kitu. Kidole kipo, hakina kazi. Unafika kwenye maji, mdogo yuko peke yake, unabonyeza batani yake na hataki, unabonyeza tena hataki, unazunguka unatafuta njia nyingine na haipo. Mpaka kidole cha kushoto, kile kilichokaa bure muda wote huo, kinaijaribu batani ya kaka. Na mtoto anaingia majini anaogelea.

Nilikaa na pedi mkononi sijui nifanye nini. Hakuna aliyesema kitu, hakuna muziki ulionipigia kelele kwamba sasa huzunika, ni kidole changu kilichogundua kwamba kaka bado yuko pale. Sa niambie, hiyo utaionaje YouTube? Anayeangalia anaona mtoto kaingia kwenye maji, ni picha nzuri ndiyo, lakini kilichotokea hakikutokea kwenye picha, kimetokea kwenye mkono wa mtu aliyeshika pedi na yeye anayeangalia hana namna ya kukipata.

Hapo ndo msimamo wangu ulipo. Gemu ya stori nzuri ni ile inayokupa kitendo chenyewe ukifanye, na ile inayokunyang'anya pedi kila jambo zito likitokea inatupa mali yake yenyewe. Na sizungumzii kuchagua, maana watu wengi wakisikia hivi wanakimbilia "aa, unataka gemu zenye machaguo". Hapana, kuchagua ni kitu kingine na nitakifikia.

Angalia Metal Gear Solid 3 ya 2004. Umepigana na The Boss, mwalimu wa Snake unayemcheza, kwenye uwanja wa maua meupe, umemshinda, amelala chini, Snake amemnyooshea bastola. Unasubiri video iendelee. Haiendelei. Unasubiri tena na hakuna kinachotokea, na taratibu unaanza kuelewa kwamba kumbe hii sio video tena, ni zamu yako, gemu imekaa kimya inakungoja wewe ubonyeze. Huna chaguo lolote pale, mwisho ni ule ule, lakini ukibonyeza umebonyeza wewe. Kojima, aliyeiongoza gemu hiyo, angeweza kuiacha bunduki ilie yenyewe na stori kwenye karatasi ingesomeka sawa sawa kabisa.

The Last of Us ya 2013 imefanya hivyo hivyo kule hospitali. Joel unayemcheza kaingia chumba cha upasuaji, Ellie, mtoto aliyekuwa anamlinda gemu nzima, yuko mezani, daktari kashika kisu kidogo anasema hatakubali amchukue. Na gemu haisogei mpaka umwondoe yule daktari. Wapo watu wamelalamika kwamba walitaka wamwache hai na gemu ikawakatalia. Nawaelewa, na mimi nilizunguka mle chumbani nikitafuta njia. Lakini hiyo ndo maana yake, ule sio uamuzi wako, ni wa Joel, na Joel alishaamua tangu zamani, wewe umepewa kuubeba tu. Baadaye anamdanganya Ellie na Ellie anaitikia kwa neno moja na skrini inakuwa nyeusi, na ule uongo unaukuta umekaa kwako pia kwa sababu mikono iliyoua ilikuwa yako.

Alafu ikaja Part II mwaka 2020 na hapa naomba nikae kidogo, maana hakuna gemu iliyogombanisha wapenzi wa stori kama hii. Mtu anayeitwa Abby anamuua Joel mapema kabisa. Unamchukia, ni haki yako, unacheza na Ellie masaa na masaa ukimtafuta, na ukifika kilele gemu inakata, inakurudisha nyuma siku tatu na inakwambia sasa cheza kama Abby. Kumbe ni binti wa yule daktari. Mwanzoni mkono wangu uligoma kweli, nilikuwa namchezesha vibaya makusudi, anapigwa sijali, namwacha afe. Lakini huwezi kumwendesha mtu masaa yote yale ukabaki unamchukia vile vile, unatafuta naye risasi, unajificha naye chini ya meza, unajua anavyokimbia, unajua anaogopa urefu na kila akisimama juu ya jengo kamera inakuyumbishia na wewe. Hakuna hotuba iliyonibadilisha, ni mazoea ya mikono. Mpaka inafika kule ukumbini wa maigizo unaambiwa pigana na Ellie, wewe ukiwa Abby, na ni batani zile zile ulizozizoea unazibonyeza umpige mtoto uliyemlea gemu nzima iliyopita.

Walioichukia wana hoja zao na baadhi nazikubali, ni ndefu mno, na kuna mahali inakukumbusha unyama wako mara nyingi kuliko inavyohitajika, mtu alishaelewa. Ila kuna kitu kimoja mwishoni ambacho sijakiona kikizungumzwa inavyostahili. Ndani ya gemu Ellie anapiga gitaa, na unapiga wewe, unachagua kodi (chord) za gitaa kwa kijiti na unapitisha kidole kwenye ile sehemu ya kugusa katikati ya pedi kama unapitisha kwenye nyuzi. Unaweza ukakaa pale dakika kumi unatafuta wimbo. Kwenye pambano la mwisho Abby anamng'ata Ellie vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakatika. Ellie anarudi nyumbani, hakuna mtu, anachukua gitaa alilopewa na Joel, na gemu inakupa kodi zile zile na kidole chako kinapita vile vile, ila sauti inatoka mbovu, imekatika, kwa sababu vya kubana nyuzi havipo. Nilijaribu mara tatu nne nikidhani nimekosea mimi. Pedi yangu ni nzima, vidole vyangu vyote vipo, na bado siwezi kupiga. Mtu wa kuangalia ataambiwa kwamba kisasi kimemgharimu Ellie. Mimi nilikitafuta kile alichopoteza kwa mkono wangu nikakikosa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mwaka 2012 The Walking Dead ya Telltale ilitufundisha wengi kwamba gemu inaweza kuwa mazungumzo matupu na ukatoka jasho. Unaulizwa swali, kuna mstari wa muda unapungua chini, una majibu manne na moja la hayo ni kunyamaza, alafu pembeni inatokea kwamba Clementine, mtoto unayemlea humo, atalikumbuka hilo. Watu wakaja kugundua kwamba machaguo mengi hayabadilishi safari. Kipande cha kwanza unachagua kumwokoa Doug au Carley, mmoja anakufa pale pale, na yule uliyemwokoa naye anakuja kupigwa risasi kipande cha tatu, yeyote yule. Kelele zikawa kwamba tumedanganywa.

Mimi sioni kama nilidanganywa. Kwanza hata kwenye maisha ukichagua haina maana dunia nzima itahama kukufuata. Pili, na hili ndo kubwa, nilichokuwa nachagua sio nini kitokee, nilikuwa nachagua Lee, ndiye unayemcheza, ni mtu gani mbele ya mtoto anayemwangalia. Ule mstari wa muda ukipungua huna nafasi ya kupiga hesabu ya zawadi, unasema kitu cha kwanza kilichokuja moyoni na unabaki nacho. Nilimjibu mtu kwa ukali mara moja kwa sababu nilipaniki na muda, na uso wa Clementine ukabadilika kidogo tu, nikatamani kurudisha. Ukifika mwisho, Lee ameshang'atwa na zombi, amefungwa pingu na nguvu zinamwishia, unachoamua ni kumwambia yule mtoto ampige risasi au amwache. Na bastola, ulimfundisha mwenyewe kuishika kule kwenye treni.

Kinachoniudhi ni machaguo ya mlangoni. Hizi gemu zinazokufikisha mwisho kabisa zinasimama zinakuuliza, mlango wa kwanza, wa pili au wa tatu. Mass Effect ilikuwa ya kipekee kwa sababu sevu yako, yaani kumbukumbu ya ulivyocheza, ilihama kutoka gemu moja kwenda nyingine, 2007, 2010 mpaka 2012, uliyemwacha afe kwenye ya kwanza hayupo kwenye ya tatu, mtu kamlea Shepard wake, yule unayemcheza, miaka mitano. Alafu mwisho ukaja kama rangi tatu tofauti za mlipuko. Wachezaji walikasirika kiasi kwamba watengenezaji wake, BioWare, walitoa nyongeza ya bure mwezi wa 6 mwaka 2012 kuurefusha na kuueleza ule mwisho. Waliitwa watoto wanaolilia pipi, na sikubaliani, wale walikuwa na haki, maana miaka mitano gemu iliwaambia mkono wako unaandika hapa, dakika ya mwisho ikawapa fomu ya kujaza. Maelezo ya nyongeza yalisaidia kidogo ila tatizo halikuwa maelezo.

Video ndefu nazo. Metal Gear Solid 4 ya 2008, mfululizo ule ule niliousifia hapo juu, mwisho wake ukijumlisha na majina ya watengenezaji unapita saa moja, umeweka pedi mezani. Naipenda hiyo gemu na bado nasema pale Kojima alikosea.

Na kuna hili la stori kusema hivi na mkono kusema vile. Mtengeneza gemu Clint Hocking alishalipa jina, "ludonarrative dissonance", tangu 2007 kwenye uchambuzi wake wa gemu ya BioShock na watu hawajaacha kulijadili. Mfano wa karibu ni Uncharted, Nathan Drake ni mtu mwema, mcheshi, anampenda mke wake, na kabla hujafika kwenye hazina umeshaua kijiji kizima. Watengenezaji wenyewe wanajua, Uncharted 4 ina tuzo unapewa ukiua maadui 1,000 na jina la tuzo linataja tatizo hilo hilo. Kwangu kulijua bila kulitibu haitoshi. Lingine ni haraka isiyo na haraka, The Witcher 3 naiheshimu sana, ile misheni ya Baron na familia yake ni moja ya maandishi bora kabisa ndani ya gemu, lakini Ciri, binti unayemtafuta, anawindwa, Geralt unayemcheza anasema kila siku hakuna muda, na mimi nacheza karata na mwenye baa kwa masaa mawili na hakuna anayeniuliza. Hapo kidole kimeikana stori mchana kweupe.

Wanaojua wanatafuta njia ndogo ndogo. God of War ya 2018 imesifiwa kwa kamera ambayo haikati tangu mwanzo mpaka mwisho na inastahili, ila mimi nakumbuka zaidi mtumbwi. Mkiwa majini Mimir, mwenzao wa safari, anawasimulia Kratos unayemcheza na mwanae hadithi, ukifika nchi kavu ukashuka katikati ya hadithi anaikatisha, na ukirudi mtumbwini anaiendeleza pale alipoishia. Nikajikuta nazunguka ziwa bila sababu, sitaki kutia nanga, nataka amalize. Yaani kitendo cha kuendesha mtumbwi taratibu kikageuka kuwa kitendo cha kusikiliza, na Kratos ambaye hajui kukaa na mwanae nikamfanya akae naye.

What Remains of Edith Finch ya 2017 ni ya kama masaa mawili tu, na ndani yake kuna Lewis anayefanya kazi kiwanda cha samaki. Mkono wa kulia unachukua samaki, unamkata kichwa, unamtupa kwenye mkanda, anakuja mwingine. Wakati huo huo mkono wa kushoto unamtembeza mtu kwenye nchi ya ndoto anayoiwaza kazini, mwanzoni ni kadogo kwenye kona, alafu inakua, inakua mpaka imefunika skrini yote, na mkono wa kulia unaendelea kukata samaki wenyewe bila wewe kuangalia. Nilishtuka kugundua sijaangalia samaki muda mrefu na sijakosea hata mmoja. Hapo nilimwelewa Lewis na jinsi alivyopotelea kule, kuliko daktari wake anayesimulia.

Namalizia na Red Dead Redemption 2 ya 2018, ambayo ndani yake kuna haya mazuri na haya mabaya yote kwa pamoja. Misheni zake zinakubana, ukipita njia tofauti na waliyoipanga hatua chache tu unaambiwa umefeli, wakati nje ya misheni dunia nzima ni yako. Hilo ni kosa na sina la kulitetea. Lakini hata ndani ya misheni kuna kazi ndogo zinazofanya stori bila kujitangaza. Unakwenda kudai deni la Thomas Downes, mgonjwa wa kifua, Arthur unayemcheza anampiga na yule mzee anamkoholea damu usoni. Inapita kama tukio la kawaida, ukaendelea na mambo yako kuwinda na kuvua, na sura kadhaa mbele Arthur anaanguka njiani na daktari anamwambia ni kifua kikuu. Umetembea nacho masaa yote yale hujui. Kuanzia hapo uso unakonda, anakohoa katikati ya shughuli zako, na kila ukimpa mtu pesa au ukimsamehe mtu deni unajua unafanya kwa muda uliobaki.

Na kuna farasi. Wangu nilimwita Shaba. Kumsugua matope ni batani, kumpigapiga shingo ni batani, kumtuliza akiona nyoka ni batani, na nimezibonyeza mara nyingi siwezi kuhesabu. Kwenye misheni ya mwisho ya Arthur, mnakimbizwa, farasi anapigwa risasi anaanguka, na Arthur, huku wanamfuata nyuma, anapiga magoti, anamshika, anamwambia asante. Mara ya kwanza ilibidi nisimamishe gemu.

Mara ya pili nilikuwa najua, kwa hiyo kabla ya kwenda kambini nilipita zizini nikamwacha Shaba, nikanunua farasi mwingine, yeyote, sikumpa jina. Misheni ikaenda, risasi ikampata, Arthur akapiga magoti, mkono ule ule, neno lile lile, muziki ule ule. Video haikubadilika hata kidogo. Na sikusikia kitu, nilikuwa naangalia farasi wa mtu mwingine anakufa, kama anayeangalia YouTube. Nikasimamisha gemu, nikapakia sevu ya nyuma, nikaenda zizini nikamtoa Shaba, nikamsugua, nikampanda tukaenda.